Sauti ya Dada

Kituo cha utafiti wa sheria na teknolojia ya habari kilikuwa ghorofa ya tatu ya chuo kikuu, na mtafiti alikuwa amekitumikia kwa moyo wake wote. Walichunguza namna sheria inavyowalinda watu ambao siri zao husambazwa mtandaoni. Ni yeye aliyemshawishi dada yake mkubwa, fundi cherehani, akubali kurekodiwa akieleza jinsi mume aliyeachana naye alivyozagaza picha zake za faragha. Alimwahidi kuwa sauti ile haitatoka nje ya chumba cha watafiti.

Mkurugenzi wa kituo akaicheza rekodi hiyo kwenye semina, ukumbi umejaa wageni. Jina hakulitaja. Lakini mmoja wa wageni alikuwa mteja wa dada, na sauti aliitambua papo hapo. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unanong'ona. Dada akafunga duka, akajifungia ndani.

Mtafiti aliingia ofisini kwa mkurugenzi bila kupiga hodi. Mkurugenzi alimtaka atulie, akamweleza kuwa sauti isiyo na jina haimtambulishi mtu, tena wageni waliguswa mno, wengine hata walitokwa na machozi.

"Walifuta machozi wakaenda kula," mtafiti alisema. "Dada yangu hatoki nje."

"Usilete mambo ya kifamilia kazini."

"Wewe ndiye uliyeipeleka familia yangu ukumbini."

Akatoka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kamati ya maadili ya chuo. Wenzake walimwonya kuwa anajiharibia kazi. Hakuwasikiliza. Kamati iliamuru rekodi ifutwe, na mkurugenzi aende mwenyewe kuomba radhi.

Mkurugenzi alikwenda nyumbani kwa dada, mtafiti akimfuata. Tai shingoni, akazungumzia usumbufu uliojitokeza. Dada alikuwa anashona pindo la suruali, hakumkaribisha kiti.

"Hujasema ulichofanya," alimwambia. "Kiseme."

Mkurugenzi akakisema chote, hatua kwa hatua, akitazama sakafu. Mkurugenzi alipoondoka, mtafiti alishusha pumzi, akavuta kiti akae.

"Usikae," dada alisema. "Yule simjui. Aliyeniambia niseme, nisiogope, ni wewe mdogo wangu. Wewe utaniomba radhi lini?"

Mtafiti alibaki amesimama, mkono juu ya kiti. Hasira yote aliyokuja nayo ikakosa pa kwenda. Akaanza kusema alichofanya yeye mwenyewe.