Mjumbe, Punda wa Maji

Mimi nina hasira za karibu, mtaa wetu wote wa Nyasura unajua. Kwa hiyo Mwalimu Rhobi, mkuu wa shule, aliponiambia mwanangu hawezi kupokelewa darasa la kwanza, nilimmwagia maneno ambayo hadi leo nayaonea aibu. Yeye akanijibu kwa upole.

"Mama Ikhlas, darasa lina watoto tisini. Sina mtu wa kumshika asianguke. Akiweza kukaa mwenyewe, mlete hata kesho. Ila Ijumaa ya mwisho ya Machi nafunga usajili."

Ikhlas ana miaka minane, na ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Maneno anayo, tena mengi kunishinda. Kilichogoma ni mgongo. Ukimkalisha bila kumshika, hujahesabu hadi kumi kashalala ubavu.

Pelagia, dada wa mazoezi ya viungo, akanieleza kwamba kuna mahali watoto kama hawa wanapandishwa farasi. Mnyama akitembea, kiuno cha mtoto kinachezacheza kama vile anatembea mwenyewe, na mgongo unajifunza kujishika.

"Farasi Bunda hii nitamtoa wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Shamsia, punda hujawahi kumwona?"

Ndivyo tulivyofika kwa Mzee Magige, muuza maji. Punda wake anaitwa Mjumbe, maana hapiti nyumba bila kusimama. Kila asubuhi mzee anagonganisha madumu mawili matupu, ko! ko!, na Mjumbe anajua kazi imeanza. Anashika njia ya wateja geti kwa geti, wala haongozwi. Jioni, madumu yakishashushwa, tunapewa sisi. Mimi ni fundi cherehani, nikamshonea tandiko la sponji ya godoro kuukuu na mikanda ya mabegi ya shule. Pelagia anamshika Ikhlas kiuno upande wa kushoto, mimi kulia, mzee mbele na kamba. Miezi miwili, kila Jumanne na Alhamisi. Watu walitucheka mpaka wakachoka wenyewe.

Alhamisi ya mwisho Pelagia akachelewa. Kesho yake ndiyo Ijumaa ya usajili, na mimi sikutaka kumsubiri. Tukampandisha Ikhlas wenyewe, pale uani kwa mzee. Mzee akaanza kukagua tandiko.

"Mama Ikhlas, mikanda umebana sana. Utaniumizia mnyama."

"Mzee wangu, nusu ya Bunda inavaa sare nilizoshona mimi. Leo unifundishe mkanda?"

"Sare wanavaaga watu. Huyu ni punda."

Weee! Nilipandwa. Nikapiga teke dumu lililokuwa miguuni kwangu. Likaruka, likagonga lenzake. Ko!

Mjumbe akasimamisha masikio, akaondoka. Kamba ikamponyoka mzee, mwanangu akaniponyoka mimi, na ndala zangu zikabaki kwenye tope.

"Ikhlas! Yarabi, mwanangu!"

Niliwafikia kwenye geti la kwanza. Mjumbe kasimama, anasubiri ashushwe maji. Nikanyoosha mikono nimteremshe mtoto, mzee akanivuta kitenge kwa nyuma, anahema.

"Usimguse! Mwangalie kwanza."

Nikamwangalia. Kashika mikanda yangu kwa mikono miwili, kidevu juu, mgongo umenyooka. Hakuna aliyemshika.

"Mama, usinishike," akasema. "Niko kazini."

Nikacheka huku nalia. Mjumbe akaenda geti la pili, na mimi ubavuni, peku, mikono hewani kama mtu anayeswaga kuku. Nilihesabu kumi, nikahesabu mia, mia mbili, halafu hesabu zikanipotea. Kila geti Ikhlas anamuuliza mwenye nyumba madumu mangapi, na mzee anajibu kwa nyuma kwamba maji ni kesho, leo ni mtoto. Karibu na geti la tatu Ikhlas akaanza kuinama upande wangu. Mikono yangu ilikuwa imeshafika kiunoni kwake, lakini akauma meno, akajivuta taratibu, akarudi katikati.

Geti la nne ni la bluu. Sikujua ni la nani, maana maji mimi nachota mwenyewe. Likafunguliwa, akatoka Mwalimu Rhobi, kajifunga kanga, ndoo mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," Ikhlas akamsalimia. "Madumu mangapi leo?"

Mwalimu akaweka ndoo chini. Akamzunguka punda mzima, akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Nani kamshika?"

"Hakuna, Mwalimu." Nikarudi hatua moja aone. "Anakaa mwenyewe. Tangu kwa Mzee Magige anakaa mwenyewe."

Mwalimu akaniangalia miguu yenye tope, akaiangalia mikono yangu iliyokuwa bado hewani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi kama yangu.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia Ikhlas. "Kesho saa mbili uje shuleni, nikuandike."

"Nitakuja. Ila maji sema haraka, Mwalimu, bado nyumba sita."

"Mawili."

"Babu Magige, umesikia? Mawili!"

Mjumbe akaondoka kuelekea geti la tano, Ikhlas juu yake, mzee akimfuata nyuma. Mimi nikabaki pale getini na Mwalimu, nikashusha mikono.