Filamu ya Binti na Baba

Kila mwaka tuzo za filamu zinapokaribia, watu wa ukoo wa Asya binti Yaqoob walikuwa wakingoja sauti yake kwenye kundi la WhatsApp la familia. Asya alitazama kila filamu iliyotajwa kugombea, kisha akashika simu na kusema alivyoona, kwa Kiswahili cha mama yake, cha Unguja, bila kumstahi mtu.

"Ile ya vita nimeimaliza," alisema mwaka huu. "Kila mtu akifungua mlango, ngoma zinalia. Mlango tu! Mtu anakwenda jikoni kunywa maji, na mimi moyo unanidunda." Na juu ya mwigizaji aliyejikondesha kwa ajili ya filamu yake: "Wanasema apewe sanamu ya tuzo kwa kukonda. Basi marehemu ami yetu angepewa mbili."

Watu walicheka, kote Omani: Maskati, Nizwa, Sur. Hawakujua kwamba sauti zile zilirekodiwa jikoni, mlango ukiwa wazi, ili Asya asikie akiitwa kutoka chumba cha pili.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alikuwa akisomesha Kiingereza hapo hapo Ibra, mji wao, mpaka mama yake, Bi Ghaniya, alipopata kiharusi na kupooza upande wa kushoto. Asya akaomba likizo. Likizo ikarefuka, halafu akaacha kazi. Zamani kila Alkhamisi mchana alikuwa akiendesha gari mpaka Nizwa, maana filamu za namna aliyoipenda zilikuwa zikifika huko. Sasa alitazama kwenye kompyuta, vipande vipande, baina ya dawa na chakula na kumgeuza mama yake kitandani. Filamu moja ilimchukua wiki.

Mwanzo walikuwa na mwanamke wa Tanga aliyewasaidia. Hamdun, kaka yake Asya anayekaa Sur, alisema haifai mama yao aoshwe na mtu baki na binti wa kumzaa yupo. Mwanamke akarudishwa kwao.

"Thawabu zote unazichukua wewe peke yako," Hamdun alimwambia dada yake. "Wallahi nakuonea wivu."

Asya, ambaye jambo hilo hakulichagua, akaenda kumgeuza mama yake.

Mwaka huo filamu iliyosifiwa kila pahala ilikuwa ya binti na baba yake. Binti anaacha kazi mjini, anarudi nyumbani kumuuguza baba mpaka baba anakufa. Wa kwanza kuiona katika ukoo alikuwa Wasan, binti wa Hamdun, mwanafunzi wa chuo Nizwa, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota. "Shangazi, filamu hii kizuri sana!" aliandika. "Huyu binti ni wewe. Nimelia mpaka khalas, basi."

Kisha Hamdun akaenda kuitazama na mkewe Rasha, akapeleka sauti iliyokatikakatika kwa kilio. "Asya, dada yangu, nimekuona wewe mle ndani. Mwenyezi Mungu akulipe. Sisi hatukuwezi."

Wakafuata wengine. Mioyo, maua, dua. Asya alizisoma amesimama, shuka chafu imo mkononi. Wangekuwa wanamsema vibaya, angejua la kujibu. Lakini walikuwa wakimsifu, na kila aliyemsifu alizidi kumsukuma ndani ya chumba kile.

"Tunangoja maoni yako," wakaandika.

Bi Ghaniya alisikia sauti ya Hamdun mpaka kitandani kwake. "Filamu gani hiyo inayomliza mwanangu?"

Asya akamweleza.

"Na mimi nataka kuiona."

"Mama, mpaka Nizwa?"

"Kwani Nizwa iko Uchina? Mimi Unguja nilikuwa nikenda sinema siku za wanawake, na buibui langu, na njugu zangu mkononi. Watu wa hapa wanadhani nimezaliwa kwenye kiti cha magurudumu?"

Alkhamisi wakaenda. Kumtia Bi Ghaniya garini kulichukua muda, kukunja kiti cha magurudumu kukachukua muda mwingine, na Asya alipokaa nyuma ya usukani kanzu yake ilikuwa imeshalowa jasho. Wasan aliwapokea mlangoni pa jumba la maduka. "Shikamoo Bibi," akasema, akambusu bibi yake kichwani na mkononi.

Waliwekwa mbele kabisa, ubavuni, pahala pa viti vya magurudumu, ambapo nyuso za waigizaji zilionekana zimepinda. Filamu ikaanza. Nyumba ya binti ilikuwa ya mbao, juu ya bahari ya nchi ya baridi. Asubuhi ya kwanza akamwosha baba yake. Jua liliingia dirishani, maji yakang'aa, baba akamshika mwanawe mkono, muziki ukapanda. Nyuma yao watu wakaanza kuvuta kamasi. Wasan alikuwa ameshatoa kitambaa.

"Asya," Bi Ghaniya akanong'ona. "Nataka choo."

Wakatoka. Choo cha wenye viti kilikuwa kimefungwa, na mfanyakazi aliyekwenda kutafuta ufunguo hakurudi. Wakaingia cha kawaida. Kiti hakikupita mlangoni, kwa hivyo Asya akamkumbatia mama yake chini ya makwapa, akamnyanyua, akamgeuza, mlango ukibaki wazi na Wasan akisimama na mtandio wake ameutandaza kuwasitiri. Mgongo wa Asya ukatoa ule uchungu wake wa kila siku, chini, upande wa kulia. Waliporudi ukumbini wakakuta baba ameshazidiwa. Haukupita muda akafa, kitandani, shuka nyeupe pee. Binti akateremka pwani peke yake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Taa zikawaka. Ukumbi mzima ulikuwa unalia.

Asya alikaa vile vile. Alikuwa akiangalia kiwambo kitupu.

Wakaenda kunywa chai ya maziwa kwenye meza za chakula. Wasan, macho mekundu, akamuuliza, "Shangazi, kizuri eh? Sema kwa kundi, wote wanangoja."

Asya akaitoa simu, akaanza kurekodi kama alivyozoea, sauti kavu.

"Assalamu alaikum. Nimeitizama. Mnangoja niseme nimelia. Sikulia. Imepigwa vizuri, na yule mwanamke anaigiza vizuri, na sanamu watampa, nakwambieni mapema. Lakini ni uongo. Anamwosha baba yake mara moja tu filamu nzima. Mara moja! Na jua linaingia, na maji hayamwagiki. Hamna harufu mle ndani. Hamna mgongo. Hatuonyeshwi asubuhi ya pili, na asubuhi ya pili ndiyo kazi. Na mbona hana kaka? Hana kaka wala dada, kwa hivyo hamna mtu wa kumuuliza, wewe uko wapi?"

Wasan aliacha kunywa chai.

"Mnaniambia yule ni mimi," Asya akaendelea, na sauti sasa haikuwa kavu tena. "Yule, baba yake alipokufa, alikwenda pwani akavuta pumzi, na watu wote wakafurahi naye. Ndivyo mnavyotaka? Ningoje mama yangu afe ndipo nivute pumzi? Sitaki. Mimi nataka kuvuta pumzi na mama yangu yuko hai."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mama yake amekaa pembeni yake. Akageuka. Bi Ghaniya alikiweka kikombe mezani kwa mkono wake mzima, polepole.

"Umemaliza?"

"Mama, mimi sikukusudia..."

"Nakuuliza umemaliza? Kama umemaliza, na mimi nina maoni yangu." Akajifuta mdomo. "Yule mzee, nani kamuuliza? Analishwa, anaoshwa, anafunikwa, na yeye kimya tu anatabasamu. Hata wewe katika maneno yako yote hukumtaja. Mimi nimepooza mkono, sikupooza ulimi. Nilikwambieni nataka yule mwanamke wa Tanga abaki. Alikuwa akinikosha huku ananihadithia mambo ya majirani zake, tunacheka mpaka maji yanapoa. Hamdun akasema aibu. Aibu ya nani? Na wewe, Asya, ulikuwepo. Hukusema neno."

Asya akakisogeza kikombe chake.

"Sasa unanikosha wewe. Unanikosha kama sahani. Safi, alhamdulillahi, hata kidonda sina. Lakini huniangalii usoni. Wadhani mimi sioni? Kila asubuhi nasikia hatua zako zinakuja, nasema, yarabi, leo tena namtesa mtoto wa watu."

"Mtoto wako, Mama."

"Ndiyo zaidi."

Wasan akanyosha kidole, kwa woga. "Shangazi... simu. Bado inarekodi."

Asya akaitazama. Kidole chake kilikwenda kwenye alama ya kufuta.

"Wacha," akasema Bi Ghaniya. "Wapelekee."

"Yote?"

"Yote. Si wanataka maoni?"

Asya akabonyeza.

Walikuwa wamepita Izki, wanarudi Ibra, jua la alasiri likiwapiga kwa nyuma, Hamdun alipopiga simu. Sauti yake ikajaa garini. "Asya, mambo gani haya? Watu wote wamesikia! Ami Marhoun kashanipigia, anauliza mama yenu kumbe anateseka? Jambo la nyumbani unalitangaza kwa sababu ya filamu?"

"Hamdun," akasema Bi Ghaniya.

Hamdun akateremsha sauti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nakuja kwako. Nitakaa mpaka Idi."

"Karibu, Mama, nyumba yako. Lakini unajua kwetu ngazi, vyumba vyote viko juu..."

"Nitalala majlisi."

"Majlisi wanaingia wageni, Mama."

"Watanisalimia."

"Na Rasha anakwenda kazini."

"Sikumuuliza Rasha. Nimekwambia wewe."

Kwa siku kadhaa kundi lilikuwa kimya kabisa. Asya aliendelea na kazi zake. Mara ya kwanza kumwosha mama yake baada ya safari ile alijilazimisha kumtazama usoni, na haikuwa rahisi. Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Akamuuliza zile njugu za sinema zilikuwa zikiuzwa wapi, na Bi Ghaniya akamweleza mtaa mzima, duka kwa duka, mpaka maji yakapoa.

Hamdun hakuweza kukataa mbele ya ukoo. Wiki iliyofuata Asya akampeleka mama yao Sur. Walipita Bidiya, magari ya jangwani yamejipanga kando ya barabara, wakapita Al Kamil, na Bi Ghaniya akalala njia nzima mdomo wazi. Asya alikuwa akijiambia atafurahi mbele kidogo, na mbele kidogo ikafika, na bado hakufurahi.

Majlisi ilikuwa imehamishwa nusu. Kitanda kilitiwa baina ya makochi ya dhahabu na meza ya kahawa. Hamdun, kanzu nyeupe, kofia ya darizi nzuri, alikuja kumhamisha mama yake kutoka kitini. Akamshika mabega, akavuta. Bi Ghaniya akaguna kwa uchungu. Mikono ya Asya ilinyanyuka yenyewe.

"Mwache," akasema Bi Ghaniya.

"Anakuumiza."

"Mwache, atajua."

Hamdun akajaribu tena. Akapiga goti moja kwenye kitanda, akateleza, kofia ikaanguka, akajikuta amemkumbatia mama yake kifuani na hajui amsogeze vipi. Walikaa hivyo. Asya aliona mabega ya kaka yake yanatetemeka, na safari hii haikuwa filamu.

"Chini ya makwapa," akamwambia. "Halafu geuka na yeye, usimvute."

Akatoka kabla hajaona kama amefanikiwa. Garini hakuwasha mota kwa muda mrefu. Alikuwa anangoja kuitwa.

Ibra, nyumba ilikuwa kimya. Asya alilala kitandani kwake na kuamka kila mara kwa sauti ambayo haikuwepo. Alipika chakula cha watu wawili. Aliacha mlango wa jikoni wazi. Alkhamisi akaendesha mpaka Nizwa, akakata tikiti ya filamu nyingine iliyokuwa ikigombea, ndefu, ya wachimba migodi, na akakaa katikati kabisa ya ukumbi, pahala alipokuwa akipapenda zamani. Mfanyakazi alimwamsha taa zikiwa zimeshawaka.

Alipotoka nje mama yake akapiga simu. Sasa alikuwa akipiga mwenyewe, Wasan alimfundisha alipokwenda Sur.

"Hujambo, mwanangu. Filamu ilikuwaje?"

"Sijui, Mama. Nimelala yote."

Bi Ghaniya akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja. "Hayo ndiyo maoni."

"Hamdun hajambo?"

"Analalamika mgongo. Kampigia mtu wa kutafuta watumishi, leo mara ya pili, ati apatikane mwanamke kabla ya Idi. Aje na mimi huko Ibra nikirudi."

"Utarudi?"

"Nisirudi kwa nini? Hapa wageni wanakunywa kahawa miguuni kwangu. Mtoto wa mtu anataka kulala, anaulizwa habari za Unguja. Kwani hutaki nirudi?"

Asya alikuwa amesimama kwenye maegesho, ufunguo mkononi. Idi haikuwa mbali. Aliijua njia ya kwenda nyumbani, na kilichokuwa kikimngoja huko alikijua pia.

"Nataka," akasema. "Nataka, Mama. Lakini si kama mwanzo."

"Si kama mwanzo," akasema Bi Ghaniya. "Haya, nenda kale. Umekula?"

"Bado."

"Basi kale."

Asya akarudi ndani ya jumba, akanunua wali na samaki, akakaa mezani peke yake, akala mpaka akamaliza.