Mbuzi Alisikiliza Nyimbo Zote Tisa

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba nimesimama kwenye foleni ya bucha, na bucha yenyewe haiuzi nyama, inauza albamu. Zimening'inia kwenye ndoano: za roki upande wa dirishani, za pop karibu na feni ili zisiyeyuke, za metali nyuma kabisa, na chini yake wameweka karai la kukinga matone. Nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, kwa sababu kwenye foleni nilikuwa peke yangu na bado haikuwa inasogea.

Muuzaji alikuwa ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu. Alivaa aproni nyeupe.

"Wewe ndiye Mghoi wa Sikio Bila Haya?" akaniuliza.

Nikakubali. Huo ndio ukurasa wangu wa Facebook. Kila Jumapili naandika maoni yangu kuhusu albamu moja, naipa nyota kuanzia moja hadi tano, na simwogopi mtu. Watu elfu nne hunisoma, nusu yao ili wapate pa kunitukania.

"Kuna albamu uliandika kwamba ni nyepesi," akasema, akaishusha moja kutoka kule nyuma. "Hapa sisi tunapima."

Nililitambua jalada kabla halijafika mezani. Ni picha ya kofia ya kuchomelea vyuma, imepigwa kwa simu. Ilikuwa albamu ya Mwadime, mdogo wangu, fundi wa mageti kule Voi, aliyeirekodi peke yake kwa miaka mitatu ndani ya karakana, saa za chakula cha mchana. Ina nyimbo tisa. Niliipa nyota moja na nusu. Niliogopa watu wasije wakasema nambeba ndugu yangu, basi nikamkaza kuliko ninavyowakaza wageni. Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Juzi nikaona amebandika tangazo: gitaa analoliuza limepata mnunuzi, analichukua Jumamosi saa tatu asubuhi. Na hata ndotoni nilijua kwamba kukipambazuka ni Jumamosi.

Ngoma akaiweka albamu kwenye mizani. Mshale ukapita kilo hamsini, ukapita mia, ukazunguka mara ya pili. Meza ikaanza kuzama sakafuni, taratibu.

"Labda mizani ni mbovu," nikasema.

"Mizani ilisikiliza," akanijibu. "Halafu kuna mlalamikaji."

Mlalamikaji alikuwa mbuzi. Aliingia na bahasha ya kaki mdomoni, akaiweka chini, akakohoa.

"Uliandika kwamba gitaa la Mwadime linalia kama mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge," akasema. "Mbuzi huyo ni mimi. Sikuja kugombana, dada. Nimekuja kusema tu kwamba ile si sauti yangu."

"Ulikuwa mfano."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini nikataka kuhakikisha, basi nikasikiliza. Nyimbo zote tisa, kwa mpangilio wake, mara mbili. Wewe ulisikiliza ngapi?"

Ukweli ni kwamba nilisikiliza tatu, na wa nne dakika mbili. Siku hiyo nilikuwa napika maharagwe na maji yakawa yanakauka. Hilo halijui mtu yeyote duniani.

"Nilisikiliza za kutosha," nikasema.

"Vizuri," akasema mbuzi. "Twende tukazione."

Akaufungua mlango wa chumba cha barafu kwa pembe. Ndani mlikuwa na korido ya shule yetu ya msingi kule Wundanyi, ile ile, ukuta wa bluu chini na nyeupe juu, ina milango tisa. Mbuzi akanieleza sheria bila kunitazama. Kila wimbo ni darasa moja. Uliouruka, sakafu yake haipo. Utaruka tena, safari hii kwa miguu.

Mlangoni tukakuta viitikio. Kuna albamu moja ya pop niliyowahi kuandika kwamba ni viitikio kumi na viwili vinavyotafuta wimbo, na sasa vilikuwa hapo, vyote kumi na viwili, vimevaa sare ya manjano na kushikana mikono.

"Shikamoo!" vikaimba. "Umeuona wimbo wetu?"

"Marahaba. Sijauona."

"Umeuona wimbo wetu?"

"Nimesema sijauona."

"Umeuona wimbo wetu?"

Moyo ukatulia kidogo. Angalau hapo nilisema kweli, na kila mtu alikuwa anasikia. Nikamgeukia mbuzi ili naye akiri, lakini alikuwa anakila kipande cha tangazo la mitihani ukutani.

Kwenye kizingiti cha dirisha kilikaa kikombe changu cha chai. Nacho nilijua kinataka nini. Niliwahi kuandika kuhusu bendi fulani ya roki kwamba mpiga gitaa wao alijisahau hadi chai yangu ikapoa.

"Nilipoa kabla hajaanza," kikasema kikombe. "Ulikuwa kwenye simu, unabishana na mtu. Huyo kijana alipiga sekunde arobaini tu, tena vizuri."

"Iandike hiyo," mbuzi akasema, na nyuma yetu ngoma akaiandika. Sikuwa najua kwamba anatufuata.

Darasa la kwanza tulipita. La pili tulipita. La tatu lina madawati yetu ya zamani, nikayagusa moja moja, nachelewesha tu. La nne lilikuwa na sakafu hadi katikati, halafu basi. Ukingo ulikatwa sawasawa, mtu angedhani kwa msumeno. Chini, mbali sana, niliona karakana ya Mwadime na cheche zikiruka, na harufu ya maharagwe yanayoungua ikanipanda puani.

Saa ya ukutani inaonyesha saa tatu kasorobo. Sipendi hata kukumbuka.

Ng'ambo ya pili, nje ya mlango wa tisa, Mwadime amesimama na ovaroli yake. Pembeni yake mtu mmoja mwenye suti analipima gitaa kwa utepe, mabega, kiuno, urefu wa mkono, jinsi fundi cherehani anavyompima bwana harusi.

"Dada," Mwadime ananiita. Hana hasira, na hiyo ndiyo inayoniumiza. "Uliisikiliza?"

Nafungua mdomo nimjibu. Unatoka wimbo wake wa kwanza. Mzima, na ngoma zake na makelele yake. Unafuata wa pili, unafuata wa tatu, mimi nimesimama mdomo wazi, taya linaniuma. Unaanza wa nne. Unafika dakika ya pili na kukatika.

Najaribu tena. Nataka kusema nisamehe, mdogo wangu. Unatoka wimbo wa kwanza.

"Anatoa alichonacho," mbuzi anamweleza mwenye suti. "Hana zaidi ya hapo."

"Nalichukua," anasema mwenye suti, na anaanza kulivika gitaa gunia, kuanzia miguuni.

Hapo ndipo nikasikia mlio nyuma ya mlango wa tisa. Kijiko kwenye sufuria. Mara nne, kwa mwendo mmoja. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha kichwa, akachungulia msichana wa miaka kama saba, sweta la shule limefumuka kiwikoni, jino la mbele hana. Amekumbatia redio kaseti yenye antena iliyofungwa kwa waya, na kidole chake kiko juu ya kitufe chekundu. Alinitazama vile mtu anavyomtazama aliyechelewa.

"Usizime," akaniambia. "Bado haijaisha."

Nikaruka. Sakafu kweli haikuwepo.

Niliamka nikiwa nimeshika foronya kwa meno. Dirishani jua limekwisha kuwaka, simu inasema saa mbili na dakika tano. Ningeweza kumpigia Mwadime hapo hapo. Lakini angeniuliza swali lile lile, na nilikuwa na jibu lile lile. Albamu yake ni ya dakika arobaini na saba. Nikapiga hesabu mara tatu, nikavaa vipokea sauti, nikakaa kitandani bila hata kupiga mswaki, nikaanza na wa kwanza.

Sikuruka kitu. Wa nne, kumbe baada ya dakika ya pili unabadilika kabisa. Wa tano ni mbaya, nasema bila haya, anapiga kelele pasipo sababu. Wa sita ulinifanya niweke simu chini na kujishika magoti. Wa saba na wa nane nilizisikiliza nikiangalia saa, kwa sababu sasa nilijua ni kitu gani kinakwenda kuingia kwenye gunia.

Wa tisa ulianza saa mbili na dakika arobaini na nane. Hakuna gitaa. Kuna mkwaruzo wa kaseti ya zamani, halafu kijiko kwenye sufuria, mara nne. Halafu sauti ya mtoto wa kike, anayepitisha upepo kwenye pengo la jino.

"Usizime. Bado haijaisha."

Ni sauti yangu. Mama alikuwa na redio kaseti, na Mwadime alikuwa akipiga sufuria jikoni, mimi ndiye niliyekuwa namrekodi, namkataza Mama asiizime. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye aliitunza hiyo kaseti, akaiweka mwisho, mahali ambapo nilipaswa kufika.

Nikampigia. Simu ililia sana kabla hajaipokea.

"Wa tano ni mbaya," nikamwambia. "Na kile kijiko nimekisikia."

"Najua ni mbaya," akasema polepole. "Kwa hiyo umefika wa tisa."

"Nimefika."

"Subiri kidogo, dada. Kuna mtu anabisha hodi."

"Usifungue," nikasema. "Mwadime, usifungue. Bado haijaisha."