Ukuta wa Babu Kilemba

Mwalimu mstaafu wa historia alikuwa mtu mwema, ila ukikaa naye lazima akurudishe nyuma karne kadhaa. Ukimwambia bomba limekauka, atakueleza miji ya Waislamu wa kale ilivyojaa mabafu ya umma. Ukimwambia jino linauma, atakutajia matabibu wa enzi hizo mpaka jino lenyewe lichoke. Mtaani wakambandika jina la Zamani Zile, naye hakulichukia.

Mengi ya hayo yalikuwa kweli. Tatizo lake ni kwamba hakujua pa kuishia. Alitoka kwa matabibu akaingia kwa watumwa, akasema waliishi kama watoto wa nyumbani. Akatoka kwa watumwa akaingia kwa wake wengi, akasema walipendana kama ndugu wa tumbo moja. Na mfano wake hakuutafuta mbali: Babu Kilemba, baba wa babu yake, mfanyabiashara aliyekaa na wake wanne nyumba moja, "na sauti haikuwahi kupanda."

Mkewe, fundi cherehani, aliyasikia hayo pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Lakini mwezi huo Mwalimu alikuwa amezidisha kumsifu mjane wa duka la kalamu na madaftari, eti ni mwanamke anayeelewa historia. Pini zikaanza kutafunwa.

Ukoo mzima ulikuwa ukutane Jumamosi sebuleni kwao. Mwalimu akapata wazo la kuchoresha mti wa ukoo ukutani, kuanzia Babu Kilemba mpaka kitoto kilichozaliwa juzi. Akamwita mchora mabango, mtu mpole asiyependa haraka wala mstari uliopinda. Mchoraji akapanda ngazi, akamwandika Babu Kilemba karibu na dari kwa herufi za kijani zenye kivuli, akashuka na kuitazama karatasi aliyopewa.

"Mwalimu, hapa pana baba mmoja na watoto kumi na tisa. Mama zao wako wapi?"

"We andika tu, wake wanne."

"Haiwezekani. Kila tawi lina linapotokea. Nikiliacha linaning'inia hewani, watu watasema mimi ndiye sijui kazi."

Mwalimu akaichukua karatasi, akaigeuza upande wa pili. Matabibu wa kale aliwajua kwa majina, kumi na wawili bila kutazama kitabu. Mama za ukoo wake hakumjua hata mmoja. Ikabidi aitwe shangazi yake wa chumba cha nyuma, mwenye miaka themanini na sita na masikio mazima. Akaja na kikombe chake cha chai, akajikalisha mbele ya ukuta kama aliyekuwa akiusubiri mwito huo miaka yote.

"Bi Mkubwa, watoto watano," alianza. "Bi wa pili, wawili. Bi wa tatu hakuzaa; huyu ndiye ambaye hakusemezana na Bi Mkubwa miaka kumi na moja."

"Shangazi, sauti haikuwahi kupanda," Mwalimu alimkumbusha.

"Haikupanda, mwanangu. Walikuwa wanaongea kupitia paka. Paka, mwambie huyo aliyesimama mlangoni kwamba chumvi imezidi. Paka, mwambie huyo aliyekaa kwamba akapike yeye. Paka mwenyewe mwishowe alihama."

Mchoraji akauliza kama paka aandikwe. Akaambiwa hapana.

"Bi wa pili alikuwa anaficha kiatu cha mume ili asiende zamu ya Bi wa nne, mama wa mtoto mmoja," Shangazi aliendelea. "Babu akaenda na kimoja. Vikafichwa vyote, akaenda pekupeku. Bi wa nne akamwambia hapokei mwanamume mwenye miguu michafu. Akalala uani, wake wanne ndani."

Mkewe Mwalimu alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani. "Fundi," alisema, "hapo pembeni ya jina la Mwalimu kuna nafasi ya kisanduku kingine? Maana naona mwenzetu anatafuta paka."

Mwalimu akajifanya kuipima rangi. Mchoraji yeye alikuwa anahesabu. "Bi wa nne ana mmoja. Hao ni wanane na Bi wa tatu hana hata mmoja. Bado kumi na mmoja."

"Hao ni wa masuria," alisema Shangazi. "Walikuwa watatu. Watumwa wa kununuliwa."

"Waliishi kama ndugu," Mwalimu alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Ndugu gani anauzwa? Bibi yangu alinunuliwa siku moja na jozi ya milango. Milango ndiyo iliyosifiwa na wageni."

"Bibi yako yupi?"

"Mama wa baba yangu. Baba yangu ndiye babu yako. Ulidhani sisi ni wa Bi Mkubwa?"

Ndivyo alivyodhani kwa miaka sitini na nne. Alikaa kwenye ndoo ya rangi. Kwa bahati ilikuwa na kifuniko.

"Tumwandike mke wa tano," alisema baadaye.

"Wa tano haruhusiwi, Mwalimu," mchoraji alijibu. "Hata mimi niliyekuwa nasinzia darasani nalijua hilo."

"Basi mgeni wa kudumu."

"Mgeni asiyeruhusiwa kwenda kwao," alisema mkewe, na safari hii hakutania.

Mwalimu akamgeukia Shangazi. "Alikuwa akiitwa nani?"

"Walimpa jina la Tabasamu. Sisi hatukumwona akitabasamu, ila akinisuka nywele. La kwao alikataa kulisema. Alisema hilo hawakulinunua."

Mchoraji alipanda ngazi akaandika Tabasamu, na chini yake, kwa idhini ya Mwalimu, "aliyenunuliwa." Masuria walipoingia wote, mti uliupita mlango, ukazunguka kabati, ukaingia kwenye ushoroba na kusimama penye choo.

Jumamosi ndugu walifika. Binamu yake mkandarasi, wa tawi la Bi Mkubwa, alikaa mbele kama kawaida yake. Mwalimu alisimama na hotuba ya kurasa kumi na moja, akasema, "Zamani zile," kisha akakwama. Mwishowe akaikunja.

"Mama wa babu yangu alikuwa mtumwa," alisema. "Alinunuliwa pamoja na milango. Mimi nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini kwamba watu kama yeye walikuwa na raha, na sikuwahi kumuuliza mtu."

Kisha mwoka mikate mmoja mzee akakohoa. "Na sisi ni wa suria. Baba alituambia tusiwaambie ninyi."

"Sisi tuliambiwa tusiwaambie ninyi," alisema dada mmoja nyuma.

Ikawa kila nyumba ilikuwa inawaficha wenzake siri ileile. Wakaanza kuhamia ushorobani kutafuta majina ya mama zao, wakasongamana pale penye choo wakicheka na kusukumana, na mwoka mikate akilia kidogo huku akidai ni rangi mbichi. Sebuleni akabaki mkandarasi na viti ishirini na sita. Alivumilia kidogo, kisha akamsogelea Shangazi, akamwongezea sukari bila kuombwa.

"Shangazi, una hakika na upande wetu?"

"Ngoja nifikirie," alisema Shangazi, akamnyima jibu mpaka jioni.

Mwalimu hakuacha kusimulia. Bado atakupa matabibu na mabafu. Siku hizi, akifika kwenye mabafu, anasita, anakuambia kuna watu walikuwa wakichota hayo maji, na kwamba anajaribu kuwatafuta. Madaftari ya kuandikia utafiti huo hununuliwa na mkewe, ambaye ndiye huenda dukani.