Furushi la Mafundo Mawili

Furushi lilishuka kutoka wodi ya wanaume likiwa na mafundo mawili. Mama Povu akaacha kusugua.

Kwa wafuaji wa hospitali ile, fundo moja lilimaanisha mashuka ya kawaida. Mafundo mawili, aliyelalia shuka amefariki. Lifuliwe peke yake, kwa maji ya moto. Na wodi ya wanaume ndiko alikolazwa mumewe, siku ya kumi na moja sasa, macho yamefumbwa, hasemi wala hatikisiki.

"Ni nani?" alimwuliza mbeba mafurushi.

"Sijui, shemeji. Mimi napokea mlangoni tu." Akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Huko juu hakuna aliyeruhusiwa kupanda kumwona mgonjwa kabla ya saa saba mchana. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi.

Mumewe alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa masihara. Kila alipopanda kwenye paa la jirani alimpigia mkewe kelele, "Aliye juu mngoje chini, mama, na chai iwe tayari!" Siku ile aliteleza, akashuka kabla maji hayajachemka.

"Fungua, shoga," alisema mwenzake wa pasi, mwanamke ambaye siku nyingine hakuwa na jambo asilolitania. "Mungu hamtupi mja wake."

"Basi mume wangu kamsahau jina."

Tangu siku ya nne hakuwa ameomba. Si kwamba alikufuru, la. Alichoka tu kubisha hodi pasipo kuitikiwa.

Vidole vyake, vilivyosinyaa kwa maji, vililishinda fundo la kwanza, vikashindwa na la pili. Akalifungua kwa meno. Kila mchana alipopanda kumwona mumewe alimpaka mafuta miguuni, maana ngozi ilikuwa inakauka, na kila asubuhi alilijua shuka lake kwa madoa mawili ya mviringo, pale visigino vilipolala bila kusogea. Alilitandaza shuka la marehemu ukingoni mwa hodhi la saruji. Akalipekua upande huu, akaligeuza, akalipekua tena. Halikuwa na mafuta.

"Si yeye!" Alicheka kwa sauti, kisha akaona haya mpaka akaketi juu ya ndoo. Mahali fulani mke wa mtu alikuwa anapigiwa simu, naye hapa anacheka.

Shuka lile alilifua mwenyewe, taratibu, akikataa kusaidiwa, kama anayemwosha mtu.

"Mpokee," alisema. "Na mkewe mshike mkono."

Alishtuka kusikia kwamba alikuwa anaomba. Dua ya kwanza baada ya siku saba, na haikuwa hata yake.

Ndipo akafungua furushi jingine la wodi ile, la fundo moja. Shuka la mumewe lilikuwa la nne. Mafuta yalikuwepo. Doa moja lilikuwa la mviringo, kama jana na juzi. La pili lilikuwa limeburutika, mstari mrefu kutoka miguuni hadi karibu na katikati.

"Njoo uone."

Mwenzake aliiacha pasi, akainama. "Labda wauguzi walimgeuza."

"Labda."

"Au kakunja goti."

"Labda," alisema Mama Povu. Aliinua uso kwenye dari lenye ukungu wa mvuke. "Ewe Mola, nimeona. Sijui nimeona nini, ila nimeona."

Alifua mashuka yote yaliyobaki, akayaanika. Lile hakulitia majini. Alilikunja, mstari ukiwa juu, akaenda kungoja saa saba, ameketi nalo magotini kwenye ngazi ya chini kabisa, pale ambapo askari wa mlangoni asingeweza kusema kwamba amepanda.