Droni Juu ya Mfereji wa Vudee

Kabla hajanunua droni, Stumai alikuwa akipiga picha za pasipoti katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa mjini Same, na karibu kila mteja alitaka aonekane mwembamba kuliko alivyo. Alipopata kibali cha kurusha, aling'oa pazia la bluu ukutani, akabandika picha kubwa ya milima ya Upare aliyoipiga kutoka juu, akangoja wateja. Walioanza kuja ni wenye harusi.

Ndivyo alivyofika Vudee Ijumaa moja, siku moja kabla Mzee Asheri hajamwoza binti yake. Alitaka kukipiga picha kijiji mapema, lakini ukungu ulikilalia mpaka saa sita. Ulipoinuka tu, akaiweka droni juu ya turubai la kuanikia maharage.

"Naomba msogee kidogo, baba," alimwambia Mzee Asheri. "Mapanga yake yanakata."

Droni ikapanda. Ilipofika juu ya migomba, upepo wa kutoka bondeni uliipiga ubavuni ikayumba, na Stumai akauma mdomo hadi alipoituliza. Akaipitisha juu ya kanisa, akaifuatisha jabali lililo juu ya kijiji, kisha akairudisha betri ikikaribia kuisha.

Mzee Asheri alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, macho kwenye kioo cha rimoti.

"Hebu irudishe hiyo picha," alisema. "Hapo. Chini ya jabali."

Kwenye mteremko ambao jua lilikuwa limeukausha wote, palikuwa na mstari wa kijani kibichi, kama mtu kamwaga rangi.

"Ni majani tu, baba."

"Kiangazi hiki? Upande ule?"

Stumai akaikuza picha. Katikati ya majani, maji yalimetameta. Mfereji wa kijiji ulikuwa umepasuka kule unakoambaa na jabali, mahali ambapo mtu hapiti.

Mzee Asheri akaiinamia rimoti. Yeye ndiye mwenyekiti wa mfereji huo, na kwa miaka miwili maji yalikuwa yakifika nusu tu kwenye ndiva, bwawa wanalokusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Alikuwa amesimama mkutanoni, mbele za watu, akasema Loth mwenye shamba la juu anayachepusha. Tangu hapo hawakusalimiana, na kadi ya harusi Loth hakupelekewa.

Mama Ruthi, mke wa Mzee Asheri, aliacha kumenya ndizi akaja kutazama kioo. Kisha akamtazama mumewe.

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Vaa viatu."

Walimkuta Loth akimfunga ng'ombe. Mzee Asheri alivua kofia. "Nimekuja kukuonyesha kitu," alisema, "halafu uniambie lolote unalotaka kuniambia."

Loth aliishika rimoti kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Stumai alitamani apate pengine pa kusimama.

"Kwa hiyo maji niliyoiba ndiyo haya," Loth alisema.

"Ndiyo hayo. Nilikukosea, ndugu yangu, na nitayasema haya palepale mkutanoni."

"Mengi kweli," Loth alisema, bado anatazama. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akashikilia pembe ya ng'ombe. "Harusi saa ngapi?"

"Saa nne, kanisani."

"Kadi sina."

"Kadi ndiyo mimi hapa."

Kesho yake Loth alikuja na mke na wanawe wote, na katika video ya harusi, kipande ambacho watu wa Vudee huomba kirudiwe si cha pete. Ni kile ambacho wazee wawili wanacheza katikati ya uwanja, kila mmoja akikataa kukaa kabla ya mwenzake.

Jumanne Stumai alipanda tena Vudee, safari hii kwa ajili ya mfereji. Wanaume walitambaa ukingoni mwa jabali na mawe na saruji, naye akaisimamisha droni mbele yao, akiwaelekeza kwa simu.

"Kushoto kidogo, Mzee Loth. Hapohapo ulipokanyaga."

Alasiri maji yalifika kwenye ndiva, mekundu kwanza, halafu safi. Mama Ruthi aliingia majini bila kuvua viatu. Stumai aliyapiga picha yakijaa.

Wiki iliyofuata alipigiwa simu kutoka Ngujini, kijiji kingine cha Upare.

"Wewe ndiye dada mwenye ndege inayotafuta maji?"

"Mimi napiga picha za harusi," Stumai alijibu.

"Sawa, harusi tutaitafuta. Kwanza njoo utuangalizie mfereji."

Stumai akavuta kalenda karibu, akauliza wanataka siku gani.