Ukwaju wa Neasden

Kontena la Ami Muhiddin lilizuiwa bandarini. Wakaguzi wa afya walikuta wadudu kwenye unga wa muhogo, wakafunga mzigo wote, na ukwaju wetu umo humo humo.

Sisi tunauza urojo soko la Walthamstow, huku ughaibuni, mimi na shangazi Mardhiya. Bila ukwaju mchuzi hauna uchachu, hakuna urojo. Na kaunsili, wenye soko, ilikwishatuonya: meza ikikaa tupu tena Jumamosi, nafasi anapewa mwingine.

"Subirini," Ami alisema kwenye simu. "Serikali haikimbizwi."

Si ndugu wa damu, lakini Wapemba wote tunaowajua hununua kwake. Ndiye aliyetupokea tulipofika. Kununua kwengine ni kama kumtangaza mwizi. Mimi shule niliishia la saba, ila kukaa nyuma ya meza kunakufundisha kutazama. Nikaona kila kitu chetu kinapita mlango mmoja, na ufunguo hata Ami hanao. Anao mtu wa bandari asiyetujua.

"Shangazi, nakwenda Neasden, dukani kwa Kavita."

"Kwa Mhindi! Muhiddin atatususa."

"Na atususe. Meza ikichukuliwa, yeye ataturudishia?"

Akanipa mfuko wa kubebea.

Kavita, mzaliwa wa Mombasa, alinimegea kipande cha ukwaju nionje.

"Wa India huu, dada. Unashinda wenu, lakini usinitaje."

"Hauushindi wetu. Nitautia ndimu ukolee."

Akacheka mpaka akashika kaunta.

Jumamosi tulipika. Kabla ya adhuhuri Ami, habari imeshamfikia, akatokea, akasimama mbele ya wateja.

"Siham! Mmeniacha kwa ukwaju wa Kihindi?"

"Kontena likitoka nitanunua kwako, Ami. Nusu."

"Nusu?"

"Nusu kwako, nusu kwa Kavita. Bandari ikifunga tena, sisi tusifunge."

"Mtoto wa juzi unanipangia biashara! Basi harusi ya mwanangu Amir msije."

Nilimtazama shangazi. Nilidhani atalia, atamwomba radhi. Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Si Jumamosi ijayo hiyo harusi? Hatuji. Tutakuwa sokoni."

Mtu wa kaunsili akapita na kitabu chake, akatazama masufuria yanavyofuka mvuke, akaandika, akaenda zake. Ami bado kasimama pale pale, foleni inamzunguka.

"Sogea kidogo, Ami," nikamwambia. "Unazuia wateja."